Ugonjwa Tulioambiwa Hatuna

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Wiki mbili zilizopita nililetewa barua kwa mkono wa kondakta wa basi. Imeandikwa kwa penseli, kurasa mbili za daftari la shule, na aliyeiandika ni mama mmoja ambaye jina lake na kijiji chake nitavihifadhi. Anasema binti yake, mwenye umri wa miaka 26, tangu alipojifungua mtoto wa pili hayuko sawa. Haogi mpaka aambiwe. Haongei. Usingizi hana, chakula anakigusa tu, na mara mbili amesikika akisema afadhali asingezaliwa. Walikwenda zahanati wakapewa dawa ya malaria. Wakaenda tena, wakapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Mara ya tatu daktari kijana aliyekuwa zamu akakaa naye karibu nusu saa, akasema huyu ana sonona, akawaandikia karatasi ya kwenda hospitali ya mkoa. Waliporudi nyumbani, baba mkubwa wa binti akaisoma karatasi ile, akaikunja, akasema: "Sonona ni ugonjwa wa Wazungu. Mwafrika haugui huzuni." Karatasi ipo mpaka leo juu ya kabati. Mama anauliza: je, ni kweli?

Nimekaa na barua hiyo kuliko kawaida yangu, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno ya baba mkubwa si mageni kwangu. Nimeyasoma yakiwa yamepigwa chapa. Yana mwandishi wake, yana mwaka wake, na chimbuko lake si mbali na hapa: ni Nairobi. Baba mkubwa hajapata kukiona kitabu hicho wala hana haja ya kukiona, maana neno likisemwa na wakubwa kwa miaka mingi hushuka lenyewe mpaka vijijini, na likifika huko watu hudhani ni la mababu. Sababu ya pili inanihusu mimi mwenyewe. Nitaifikia.

Tuanze na Nairobi. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua pale makao ya kuwaweka watu waliorukwa na akili, katika majengo yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 yakapewa jina la Mathari. Kwetu Tanganyika, Mirembe ya Dodoma ilianza mwaka 1927, na kabla yake wamisionari wa Kijerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa kama hao huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo kwanza palikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Majina haya, Mathari kwa wenzetu na Mirembe kwetu, yamegeuka matusi. Mtoto akikosea kujumlisha anaambiwa apelekwe Mirembe. Hata mimi nimepata kulitumia jina hilo kwa mzaha hapa hapa redioni, zamani, na watu wakacheka.

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa daktari J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa daktari wa serikali Kenya tangu mwaka 1929. Alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliyasomea baadaye, huko London, vita vilipokwisha. Sitaki kumpaka matope kuliko anavyostahili: alikabidhiwa mamia ya wagonjwa bila msaada wa maana, na alijitahidi kuweka kumbukumbu wakati wengine hawakuweka. Ila kumbukumbu hizo ndizo zilizompotosha. Aliwahesabu wagonjwa wake wa Kiafrika, akakuta wenye sonona ni wachache mno. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, ambalo wakati huo lilikuwa na umri wa miaka mitano tu, likamchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa. Humo alisema Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, hata akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Na sonona, akasema, ni adimu kwetu kwa sababu Mwafrika hajilaumu. Hana wajibu wake binafsi unaomlemea moyoni. Lawama zote huzitupa nje, kwa wachawi na mizimu.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya Kenya ikamtumia tena, safari hii kuandika juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu wananyang'anywa ardhi, wanachukua silaha, halafu anaitwa daktari wa vichaa aeleze wana ugonjwa gani. Hilo nalipita tu. Nalitaja ili msikilizaji ajue kitabu cha 1953 hakikuandikwa wakati wa utulivu.

Sasa kosa lake lilikuwa wapi? Jiulize, ndugu msikilizaji, nani aliyekuwa akipelekwa Mathari siku hizo. Ni yule aliyevua nguo sokoni, aliyechoma nyumba ya jirani, aliyempiga chifu. Mara nyingi aliyemleta ni polisi. Mgonjwa wa sonona hampigi mtu. Amekaa nyuma ya nyumba anatazama chini, na jembe limeegemea ukuta. Anayeona taabu yake ni mke wake au mama yake, na hao hawakuwa na sababu ya kumpandisha gari la polisi. Kwenda kumtafuta mgonjwa wa namna hiyo Mathari ni sawa na kwenda baharini kuhesabu mbuzi, kisha ukarudi ukaandika kwamba nchi hii haina mbuzi.

Na tena angalitusikiliza tunavyosema. Wazee wa pwani walikuwa na simanzi, majonzi, jitimai na ukiwa, na kila moja lina mahali pake. Walikuwa na neno kihoro. Mtu aliyefiwa au aliyepatwa na jambo zito akajifungia, akaacha kula, akadhoofu mpaka akafa, walisema amekufa kwa kihoro. Watu wasioujua ugonjwa hawaupi jina, na tena jina la kuulia. Siku hizi tunasema fulani "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kuwa si mawazo ya kujenga nyumba. Hata sonona yenyewe imetoka katika kitenzi chetu cha kusonona na kusononeka. Tazama kichekesho hiki: malaria na kansa ni majina tuliyoyachukua kwa wageni, na sijamsikia mtu akisema malaria si yetu. Sonona, ambayo jina lake ni letu, ndiyo tunayoikana.

Jibu moja la kitaalamu kwa Carothers lilitoka Ghana, wakati ikiwa bado koloni la Gold Coast, kwa mwanamama wa Kiingereza aliyeitwa Margaret Field. Huyu alikuwa mtaalamu wa mila za watu, kisha akarudi kusomea udaktari na magonjwa ya akili. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda kukaa katika vihekalu vya waganga vijijini Asante, na akaandika kila aliyekuja na shida aliyokuja nayo. Wakaja wanawake, wengi wao watu wazima, ambao walisema: mimi ni mchawi. Nimewaua watoto wangu. Nimeila bahati ya ndugu zangu. Hakuna mtu aliyewashitaki, wamejileta wenyewe. Alipowachunguza akakuta hawalali, hawali, wamekonda, hawataki kuishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960, na kilisema kwamba sonona ilikuwa ya kawaida kabisa miongoni mwa wanawake hao wa vijijini. Mtu aliyetembea kwa miguu kwenda kukiri kwamba ameua watu aliowapenda, huyo kama hajilaumu, basi mimi sijui kujilaumu ni nini.

Jirani yake huko Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alikuwa akijibu kwa njia nyingine. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1923, akasoma Uingereza, akarudi nyumbani mwaka 1954 kuongoza hospitali mpya ya Aro. Majengo hayakuwa tayari. Badala ya kungoja kuta, akazungumza na wanavijiji walioizunguka hospitali, wakakubali kuwapangisha wagonjwa pamoja na jamaa zao. Mgonjwa alikuja na ndugu yake, mama au mke au shangazi, wakakaa kijijini, wakapika, wakachota maji. Asubuhi mgonjwa alikwenda hospitali kutibiwa, na jioni alirudi kati ya watu. Waganga wa jadi nao walishirikishwa, jambo lililowaudhi baadhi ya madaktari. Historia ina utani wake: mwaka 1973 Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lile lile lililochapa kitabu cha 1953.

Halafu ikaja Uganda. Daktari John Orley, ambaye alikuwa amekaa sana na Waganda na kuandika juu yao, alishirikiana na mwenzake J. K. Wing wa London. Badala ya kungojea wagonjwa hospitalini walikwenda kwenye nyumba za watu katika vijiji viwili, wakauliza maswali yale yale waliyouliza wanawake wa mtaa wa Camberwell huko London. Matokeo yalichapwa mwaka 1979. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell. Miaka 26 tu ilikuwa imepita tangu tuambiwe hatuna.

Basi mama yangu, jibu la swali lako ni hilo, na ningeweza kukomea hapo. Lakini nilisema nina sababu ya pili.

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba mwaka 2012 kwa miezi saba hamkunisikia. Tulitangaza kwamba niko likizo, na wengine wakasema nimepata kazi nje. Nilikuwa nyumbani. Ilianza kwa kuamka saa tisa usiku na kutolala tena. Kisha nikawa nasoma sentensi moja mara nne bila kuiona. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno, nilikaa mbele ya karatasi asubuhi nzima nikaandika "Ndugu msikilizaji", basi. Nilidhani nimezeeka ghafla. Nilitibiwa malaria mara tatu, taifodi mara mbili, na vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa navyo. Nilipigwa picha ya kichwa kwa fedha nilizokopa. Nikaombewa, na nawashukuru walioniombea. Hakuna aliyeniuliza kilichokuwa moyoni, na kwa haki mimi nami sikukisema, kwa sababu nilichokuwa nawaza saa tisa usiku si cha kumwambia mke wa mtu wala mtoto wa mtu.

Aliyeniuliza alikuwa nesi mmoja mtu mzima, wa kupima presha. Alifunga kile kitambaa mkononi, akasoma, akaandika, halafu bila kuinua macho akasema: "Baba, umecheka lini mara ya mwisho?" Nililia mbele ya foleni yote.

Nilipoandikiwa kwenda kliniki ya magonjwa ya akili nilichagua ya mji mwingine, saa tano kwa basi, nisionekane. Nikavaa kofia. Nikakaa kwenye benchi la nje na kumwuliza jirani yangu namba imefika ngapi. Akageuka akasema, "Hiyo si sauti ya Jumapili?" Nikanyamaza. Naye hakuongeza neno. Alisogea tu, nipate nafasi ya kukaa vizuri.

Nilipewa vidonge vidogo. Nikaambiwa havifanyi kazi kama dawa ya kichwa, nisubiri wiki mbili, tatu, hata sita. Siku ya kumi mdomo umekauka, usingizi wa mchana unanielemea, na moyo uko vile vile, nikavitupa chooni. Hilo ndilo kosa wanalolifanya wengi, na mimi nililifanya nikiwa nimeonywa. Nilirudi baada ya mwezi kwa aibu, daktari akacheka, akabadilisha kipimo, tukaanza upya. Wiki ya tano nilisikia harufu ya chai. Sijui nieleze vipi. Chai ilikuwapo siku zote, lakini siku hiyo niliisikia.

Baadaye nilitaka kujua vidonge hivi vilitoka wapi, nikakuta havikutafutwa na mtu. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View huko New York, wagonjwa waliopewa dawa mpya ya mapafu walianza kuchangamka na kula kwa hamu. Madaktari wengine wakajiuliza: kama inamwinua mwenye kifua kikuu, je, mwenye sonona? Wakati huo huo huko Uswisi daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa nyingine kwa wagonjwa wa ugonjwa tofauti kabisa wa akili. Haikuwafaa, ila wale waliokuwa na sonona walipata nafuu. Alitoa taarifa yake mwaka 1957. Miaka 20 baadaye, mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima, dawa moja ya ukoo huo wa Kuhn, amitriptilini, ilikuwamo. Mara nyingi tatizo la zahanati zetu haliko kwenye bei ya kidonge. Hakuna aliyemwuliza mgonjwa amecheka lini.

Kidonge peke yake hakikunitosha, na si kila mgonjwa anakihitaji. Nilihitaji pa kusemea. Hapa ndipo historia inapofika mahali ninapopapenda, kwa sababu waliofanya makubwa hawakuwa madaktari.

Mwaka 2000 watafiti waliokuwa na daktari Paul Bolton walikwenda kusini magharibi ya Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha karibu kila nyumba na kaburi. Hawakuanza na jina la ugonjwa kutoka kitabuni. Waliwauliza wananchi: tangu janga hili lianze, watu wanataabika na nini? Wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja la kujichukia, jingine la kujihurumia, na walipoziweka pamoja dalili zake wakaona ndizo zile zile za sonona. Mwaka 2002 wakachagua vijiji 30. Nusu yake waliundiwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, vikikutana mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja na nusu, wiki 16. Viongozi walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kwa wiki mbili. Dawa haikutolewa hata kidonge. Walichofanya ni kuulizana jambo lililoanzisha: ni msiba, ni ugomvi ndani ya nyumba, au ni maisha kugeuka, kama mtu kuugua au kuachwa na yatima wa nduguze? Kisha kila mmoja akasaidiwa na wenzake kutafuta hatua ya kuchukua wiki hiyo.

Kabla ya kuanza, katika vijiji vya vikundi watu 86 kati ya 100 waliochaguliwa walikuwa na sonona kamili. Baada ya vikao walibaki kama 7 katika 100. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walianza 94, na kwa kupita kwa muda tu walishuka mpaka 55 hivi. Matokeo hayo yalichapwa Marekani mwaka 2003, na yaliwashangaza wengi kuliko yalivyonishangaza mimi. Sisi ni watu wa vikundi. Tuna vikundi vya kufa na kuzikana, vya upatu, vya ngoma. Kilichokosekana ni kikundi ambacho mtu anaweza kusema ndani yake kwamba anajichukia, na asichekwe.

Zimbabwe nao wanalo neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sikiliza lilivyo ndugu na "ana mawazo" yetu. Katika miaka ya 1990 daktari Melanie Abas na wenzake waliwauliza wanawake wa mtaa mmoja wa Harare, wakakuta karibu theluthi moja walikuwa wamepatwa na sonona au wasiwasi wa kuugua ndani ya mwaka mmoja. Nao watafiti waliokuwa na daktari Vikram Patel wakatunga orodha ya maswali 14 kwa Kishona, yanayoweza kuulizwa na mtu yeyote aliyefundishwa kidogo.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa vibanda na nyumba za watu mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi au riziki. Mwaka huo huo daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili nchini humo, alipoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Chibanda ameyasimulia haya hadharani mara nyingi. Alimwuliza mama wa marehemu kwa nini hawakuja hospitali kama walivyokubaliana. Mama akajibu kwamba hawakuwa na nauli. Ilikuwa dola 15.

Chibanda alipotaka kuanzisha huduma katika kliniki za mtaa wa Mbare, mwaka 2006, aliambiwa hakuna chumba wala nesi wa kumpa. Alipewa wanawake 14 wa makamo na wazee, wahudumu wa afya wa mtaani, ambao wenyeji huwaita bibi wa afya. Kwa kuwa chumba hakikuwapo, walikaa nje kwenye benchi la mbao chini ya mti. Kwanza likaitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa kama tunavyoikwepa Mirembe. Ni mabibi wenyewe waliomwambia daktari jina hilo halifai. Likaitwa Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mawazo, na hapo watu wakaja. Bibi anamfungua mgeni moyo, kisha anamwinua, kisha anamtia nguvu. Katika matatizo yote mgeni anachagua moja tu la kushughulikia kwanza. Utafiti wa kliniki 24 za Harare, watu 573, ulichapwa Desemba 2016. Baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa bado na dalili za sonona watu 14 katika 100, na wale waliopata matibabu ya kawaida walikuwa 50 katika 100. Tangu hapo benchi limekwenda Malawi, limefika Zanzibar, hata New York wameliweka. Nilipolisoma mara ya kwanza nilimkumbuka yule mtu aliyenisogelea na kunipa nafasi.

Jambo moja zaidi, ambalo linawafanya watu wafiche: sheria. Wakoloni walituachia kwamba mtu akijaribu kujiua na akapona, apelekwe mahakamani. Uingereza yenyewe iliifuta kwao mwaka 1961, sisi tukabaki nayo sanduku zima. Ghana waliifuta mwaka 2023. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Mtu anayeogopa polisi hawezi kumwambia nesi ukweli, na nesi asiyeambiwa ukweli ataandika malaria.

Mama yangu, sasa nazungumza na wewe. Sonona baada ya kujifungua inajulikana, inatibika, na haina maana kwamba binti yako hampendi mtoto. Maneno yale aliyoyasema mara mbili usiyaone ya kupita, na usiogope kumwuliza waziwazi kama anawaza kufa. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake siku hizi. Ile dawa ya kunyunyizia pamba uliyoitaja kwamba inakaa chini ya kitanda, itoke ndani ya nyumba leo, akaihifadhi jirani. Mtoto asaidiwe usiku na mtu mwingine ili mama yake alale. Mkifika hospitali, mwambieni daktari kwamba ananyonyesha, ili achague dawa inayofaa, na msiiache siku ya kumi kama nilivyoiacha mimi.

Kwa baba mkubwa nimeandika barua ya peke yake, kwa heshima, nikamweleza habari za Mathari na kitabu cha 1953. Nimemwomba yeye ndiye awasindikize, kwa kuwa ni mkubwa wa nyumba na neno lake litasikilizwa pale mapokezi. Karatasi iliyo juu ya kabati bado inafaa. Nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi, nimempa kondakta yule yule, na basi lake linapita kwenu Alhamisi saa kumi na moja alfajiri.